Rangi ya chungwa kwenye baraza yangu Tanga: uzoefu wangu baada ya kupaka mara mbili

Nyumba yetu iko Ngamiani na baraza inatazama magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri jua linaupiga ukuta mpaka linapozama. Naanza na jua kwa sababu ndilo lililoamua mambo yote nitakayoyaeleza. Baraza hiyo nimeipaka rangi ya chungwa mara mbili, kila mara kwa rangi ya aina nyingine. Ya kwanza niliijutia. Ya pili nakaa naitazama kila jioni.

Rangi hii naipenda tangu utotoni. Nikiifikiria naiona kwenye boga lililopasuliwa, kwenye mbegu za mzingefuri uani kwa bibi zilizokuwa zikitutia doa vidoleni, na kwenye viganja vya shangazi yangu asubuhi baada ya kupaka hina, kabla haijakolea. Hina ina mambo yake: jani ni la kijani, ukibandua asubuhi ngozi ni ya chungwa, na baada ya siku moja au mbili hewa imeshaigeuza kuwa ya kahawia iliyoiva. Mimi nilitaka ile ya asubuhi, ibaki ukutani.

Dukani kijana wa mashine ya kuchanganya rangi akaniambia, "Mama, niletee mfano." Nikapita Mgandini kununua machungwa ya Muheza, nikacheka peke yangu pale sokoni. Chungwa letu likiiva, ganda bado ni la kijani! Ganda hupoteza ukijani usiku ukiwa wa baridi, na usiku wetu wa pwani ni wa joto karibu mwaka mzima. Ndani limejaa maji na utamu, ila kwa nje mgeni atadhani halijawa tayari. Kuna nchi ambako machungwa kama haya huwekwa kwenye gesi ya ethilini ili ganda ligeuke ndipo yapelekwe sokoni. Sisi tunayala hivyo hivyo. Basi nikaondoka na papai, nikapeleka kipande chake dukani kwenye bakuli.

Rangi ya kwanza ilikuwa ya maji, ya chungwa inayong'aa kweli, imefanana na lile papai barabara. Kasoro ilianza siku ile ile ya kupaka. Mkono wa kwanza ukapita kama chai ya rangi, plasta yote inaonekana. Wa pili hivyo hivyo. Tulifika mikono minne, na galoni niliyodhani ingetosha ikaisha, nikatuma nyingine. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba rangi za chungwa na za njano zinazong'aa hivi hazifuniki vizuri, na chini yake ilitakiwa itangulie nyeupe. Sikuambiwa, wala sikuuliza.

Baya zaidi, plasta ilikuwa na wiki mbili tu. Saruji mbichi ina ukali kama wa chokaa na unakula rangi. Iachwe mwezi mzima ikauke, siku 28 kama mafundi wanavyohesabu. Masika yalipopita ukuta ulikuwa umepauka mabaka mabaka, upande wa jua umekuwa kama maziwa yaliyotiwa manjano kidogo. Mwanangu alikuwa akiegemea pale akisubiri wenzake waende chuoni, na kila siku kanzu yake nyeupe inarudi na ungaunga wa chungwa mgongoni. Nilipopitisha kiganja ukutani kikatoka kimejaa. Nimefua zile kanzu mpaka nimechoka, na hilo ndilo lililonifanya nisingojee mwaka mwingine.

Mara ya pili nilimtafuta fundi mzee. Hakutazama chati hata kidogo. Alitazama ukuta, akatazama jua, akaniambia, "Mwanangu, chukua chungwa ya kutu." Maana yake ni rangi iliyotiwa oksaidi ya chuma, kitu kile kile kinachoufanya udongo wa njia ya Muheza kwenda Amani uwe mwekundu. Udongo ule unapigwa jua miaka nenda miaka rudi na haupauki. Rangi yake haipigi kelele kama papai. Imekaa kama chungu kipya kabla hakijapikiwa. Mwanzoni nilisita, nikaona nimenyimwa nilichokitaka.

Tulikwangua, tukapiga msasa, tukaosha ungaunga wote, tukaacha ukuta ukauke, kisha praima, yaani rangi ya kutanguliza, ya kuzuia ukali wa saruji. Baada ya hapo ni mikono miwili tu na ukuta ukafunikwa wote. Ukuta wangu una mita za mraba 18 hivi, na lita moja inapaka kama mita 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo galoni moja ya lita 4 ilitosha na ikabaki kidogo.

Sasa imepitiwa na masika mawili. Nimepitisha kiganja tena juzi, hakikutoka na kitu. Kasoro yake ni moja: ikikauka inakuwa nzito kuliko ilivyo kwenye kopo, na asubuhi baraza ikiwa kivulini inaonekana imenuna. Lakini saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini, inawaka, na ule mkrismasi wa jirani ukichanua Desemba vinaitikiana mpaka wapita njia wanasimama.

Neno moja kwa wanaotaka chungwa inayong'aa ya mafuta kwenye mageti na madirisha: ulizeni kama ina madini ya risasi. Njano na chungwa kali za mafuta ndizo zilizokuwa zikitiwa risasi kwa wingi, na mtoto akila magamba yake inamdhuru ubongo. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi sehemu 90 katika milioni. Kopo lisiloandikwa kitu mimi nalirudisha.

Hiyo iliyobaki nimeifunga vizuri kwenye kopo. Vuli ikiisha nitapaka vyungu vya maua vilivyo kando ya mlango.