Locomotion: nilisubiri Transport Tycoon mpya, nikaletewa rolakosta ya kubebea makaa ya mawe

Oya watu wangu, karibuni tena kwenye chaneli, leo msinitegemee kucheka sana maana nina hasira na gemu lililotoka 2004. Ndio, 2004, najua hasira imechelewa, lakini nimelirudia wiki nzima na lazima nitoe ya moyoni.

Transport Tycoon wengi mnaijua, ya 1994, mtengenezaji Chris Sawyer, halafu toleo la Deluxe mwaka uliofuata, unajenga reli unabeba mizigo unalipwa, sirudii hayo. Locomotion ndo ilikuja kuwa mtoto wake, kwa mikono ya Sawyer huyohuyo, miaka 10 baadaye. Na katikati hapo jamaa alikuwa ameshaanza kufikiria mwendelezo, akanogewa na rolakosta, zile treni za kupanda na kushuka kwa kasi kwenye bustani za burudani, akauweka pembeni, ndo tukapata RollerCoaster Tycoon 1999, gemu la kuzijenga hizo. Siilalamikii ile, ile ni dhahabu. Ila hiyo habari ya rolakosta ishikeni, nairudia sasa hivi.

Haya angalieni skrini. Huu hapa mgodi wa makaa, kule juu pembeni kiwanda cha umeme. Katikati kuna kilima kimoja na barabara, basi. Kwenye gemu la zamani reli ni vigae, unabonyeza unaenda, kilima unakisawazisha, macho yako yako kwenye ramani nzima. Huku sasa. Nachagua pa kuanzia, kinafunguka kidirisha cha vipande. Kilichonyooka, jenga. Kilichonyooka, jenga. Kilichonyooka, jenga. Kona... hapana siyo hii, hii ni kali treni itapunguza mwendo, nataka ile pana. Jenga. Imekataa! Kwa sababu gani, kwa sababu kona imeangukia juu ya barabara. Narudi nyuma, nafuta viwili, naongeza kimoja kilichonyooka, kona tena, jenga, haya imekubali. Sasa mlima. Mwinuko wa taratibu, jenga, mwinuko, jenga, nimepitiliza, nipo hewani kama daraja, na pesa inatoka hapo mnaiona. Futa. Shuka. Jenga.

Sijafika hata nusu jamani. Na hii ni njia moja, nikitaka treni 2 zipishane nirudi kujenga ya pili kipande kwa kipande, na njia zake za kuingilia na kutokea, na ishara. Mwezi umebadilika kwenye gemu mimi bado nabishana na kona.

Mmeshaona ni nini? Hiki ni kile kidirisha cha rolakosta! Kilekile. Na kule kilikuwa sahihi kabisa, unajenga chombo kimoja, kila kona ni starehe ya mteja, unataka uipangie mwenyewe. Makaa ya mawe hayana habari na kona. Ningetaka kuwaza mtandao mzima, nani alishe nani, treni gani iende wapi, badala yake nimegeuzwa fundi wa kuunga vyuma. Yaani alituacha akaenda kwenye rolakosta, aliporudi akarudi nayo.

Ngoja nisiwe mbaya. Reli zikishakaa zinapendeza, zile kona pana, njia kupita juu ya njia, huwezi kusema ni mbaya. Tramu ninazipenda. Unaweza kuanzia 1900 na vichwa vya mvuke vya zamani kabisa, na muziki wa Allister Brimble unabadilika kufuata enzi, huo hata nikifanya kazi nyingine nauacha unapiga. Tena huhitaji karakana, treni unaiweka moja kwa moja relini. Hapo walifikiria.

Ila zikizeeka sasa! Zinaanza kuharibika ovyo, na hakuna sehemu ya kusema badilisha zote, unaifuata moja moja, ukiwa na 60 ni 60. Na wapinzani wa kompyuta ndo usiseme, wanajenga reli kama mtu aliyemwaga tambi, angalia huu mji, njia tatu juu ya nyingine na haipiti hata treni moja, na zimeniziba kote.

Kinachouma zaidi ni kwamba mwaka huohuo 2004 ndo OpenTTD ilitoka, ya bure, watu wa kujitolea walichukua Deluxe wakaiboresha. Unaburuta mausi reli imelala. Magari yanajibadilisha yenyewe. Mnacheza kundi zima mtandaoni, Locomotion ni watu 2. Mashabiki wakawa wametupatia mwendelezo bora kuliko mwenye nyumba, mi sijui niseme nini.

Ah, mlioniuliza kuhusu sauti, ndio nimebadilisha maiki, ile ya zamani ilikuwa inanguruma, na ile mechi ya pamoja ya OpenTTD bado ipo, andikeni majina kwenye komenti, na kama hujasabskraibu bonyeza hapo chini uniondolee machungu.

Bei? Kwa bei kamili nasema hapana, subiri ofa. Sababu moja tu ya kulinunua ni OpenLoco, nao ni watu wa kujitolea, wanalirekebisha, ila linahitaji mafaili ya gemu halisi. Na ile Transport Tycoon ya simu ya 2013 usidanganyike na jina, ndani imejengwa juu ya Locomotion.

Haya, treni yetu ndo hiyo inatoka mgodini, imebeba... we, inaenda wapi? Imeingia kwenye kile kipande cha majaribio nilichosahau kukitoa. Subirini. Simamisha. Geuza. Kipande, futa. Kipande, futa. Kipande...