Saa ya kuhesabu hatua baada ya kiharusi: nimeivaa mguuni miezi saba

Mimi ni fundi cherehani, Barabara ya 9, Ngamiani, Tanga. Mwaka jana mwezi wa Ramadhani nilishika kikombe cha daku kikaniponyoka, na kuinuka sikuweza. Presha niliyokuwa nikiipuuza ilikuwa imefanya kazi yake: mshipa wa damu umeziba ubongoni, upande wa kushoto, na mkono na mguu wa kulia havinisikii tena.

Nilitoka hospitali naburuza mguu, mkononi karatasi ya mazoezi. Niliibandika ukutani juu ya cherehani. Kila aliyekuja kunijulia hali nilimwambia nafanya mazoezi kila siku, na wallahi niliamini ni kweli. Mwanangu aliyeko Dar akanitumia kwa basi saa ya kuhesabu hatua, shilingi 75,000, na akaniwekea kwenye simu programu yenye video za mazoezi.

Wiki ya kwanza nilitaka kuirudisha. Nimetembea mpaka soko la Mgandini na kurudi, jasho linanimwagika, natazama saa: hatua 212! Binti yangu ninayekaa naye ndiye aliyegundua. "Mama, saa hii inasikiliza mkono ukipunga, na wako haupungi." Kweli, wa kulia ulikuwa umejikunja kifuani na wa kushoto umeshika fimbo. Tukaihamishia kwenye kifundo cha mguu ulio mzima, wa kushoto, mkanda haukufika, nikauunga kwa lastiki ya sketi. Safari ileile ikasoma 1,340. Kama mgonjwa wako anaburuza mguu, jaribuni hivi kabla hamjaihukumu saa.

Baada ya hapo ikaanza kuniambia ukweli, nao uliniuma. Siku nilizoapa kwamba nimefanya mazoezi, ilisoma hatua 300, maana yake kitandani, chooni, kibarazani, basi. Kumbe karatasi ukutani nilikuwa naisoma tu! Nadhani wengi wetu tuko hivyo, na si uvivu. Mtu akichoka mwili na moyo, kila jambo dogo analiona kubwa.

Lakini lengo ililokuja nalo ni hatua 10,000 kwa siku, na kila jioni inakuonyesha umeshindwa. Namba hiyo haikutoka kwa daktari wa kiharusi. Ilivuma kutokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lenyewe lilimaanisha mita ya hatua 10,000. Tuliishusha hadi 600, na kila wiki nikaongeza 50. Jioni ya kwanza iliponitetemekea mguuni kunipongeza, nililia.

Kengele ya mazoezi ya saa nne asubuhi haikunisaidia. Muda huo nina mteja anapimwa, naizima bila hata kuitazama. Kilichonifaa ni adhana. Nikishaswali alasiri sikai tena, natoka na fimbo mpaka baraza la jirani yangu na kurudi, mara tatu. Baada ya mwezi mmoja nikichelewa, jirani mwenyewe ananiita: "Bi mkubwa, leo vipi?"

Kasoro iliyoniudhi kuliko zote ni ile hesabu ya siku mfululizo. Nilifika siku 23, tukafiwa Pangani, nikakosa siku mbili, programu ikarudi sifuri kana kwamba sijawahi kuinuka. Niliiacha siku 11. Binti yangu akaanza kuandika kwenye daftari siku nilizofanya mazoezi, zilizokosekana haandiki, na daftari hilo ndilo tunalotumia mpaka leo. Meseji za programu pia zote ni za Kiingereza, na video zinakula bando, afadhali uzipakue mara moja.

Na jihadharini na video ya kuinua mkono juu ya kichwa. Iliniumiza bega, mtaalamu wa mazoezi akanikataza, kwani bega la upande uliopooza hulegea na linaweza kuteguka kidogo. Muonyesheni mtaalamu video hizo kwanza.

Kwa mkono, programu inakutaka ukunje na kukunjua vidole mara 50. Nilichoka siku ya pili. Mtaalamu alinieleza kwamba mkono mzima ukifanya kila kitu, ubongo huzoea kuuacha ule mwingine hata pale unapoweza. Basi nikamwaga vifungo vya mashati kwenye sinia, navitia kimoja kimoja kwenye kopo la maziwa kwa mkono wa kulia, na wa kushoto nimeuvalisha soksi. Mwanzo vifungo vinne, kwa robo saa. Sasa 40, na namba naiandika kwenye programu mwenyewe.

Ningeinunua tena? Ndiyo, kwa mtu mwenye wa kukaa naye na kuzisoma zile namba pamoja. Anayeishi peke yake simshauri, itamvunja moyo. Na dawa za presha ziko palepale, saa haizipunguzi hata kidonge kimoja.

Jana nimekata kitambaa cha sketi ya shule, mkasi mkono wa kulia. Mstari ulipinda mwishoni, nikaukata upya.