Tarumbeta Isichoshe Mkono: Cha Kununua Kwanza na cha Kuacha, kwa Wapigaji wa Unguja na Pemba

Mpiga tarumbeta wa beni hapati kiti. Hutoka na msafara wa harusi Ng'ambo, akaingia nao vichochoroni, na kwa muda wote huo mkono wake wa kushoto ndio unaobeba kilo moja na ushei ya shaba, huku jasho likichuruzika juu ya vali, vile vibomba vyenye vibonyezo. Wenzake wa bendi za vikosi, wanaopita uwanjani kila tarehe 12 Januari, wana mzigo huohuo na jua la kaskazi juu yake. Vifaa vingi vya kupunguza taabu hiyo vimebuniwa kwa ajili ya watu wanaokaa ndani ya kumbi zenye ubaridi, na kwa sababu hiyo mpangilio ninaoutoa hapa unatofautiana na ule utakaoukuta kwa wauzaji. Ngozi ya kuvalisha chombo, ambayo wengi huiona ndiyo ya kifahari, kwangu imeshuka hadi karibu na mkia.

Nafasi ya kwanza naipa kifuniko cha neopreni, yaani ule mpira laini wenye kitambaa ambao hushonewa nguo za wapiga mbizi. Kifuniko hiki huzungushwa kwenye vali tatu za tarumbeta, mahali kiganja cha kushoto kinaposhika, na hufungwa kwa velkro. Faida yake ni kwamba hakitelezi hata kikilowa, hukinga vanishi ya chombo dhidi ya jasho, na baada ya shughuli hubanduliwa, kikaoshwa kwa maji baridi na kuanikwa kivulini. Neotech ni miongoni mwa wanaovitengeneza, na huagizwa kupitia mtandaoni. Asiyetaka kungoja mzigo anaweza kufanya kama nilivyofanya mimi: nenda Nungwi, uliza wenye shughuli za kupeleka wageni kuzamia kama wana nguo kuukuu ya milimita 3, kisha mpelekee fundi wa viatu pamoja na kipimo cha karatasi. Mwambie akate sehemu ya mgongo, kwa maana magoti na viwiko vya nguo hizo huwa vimekwisha kulegea. Fundi wangu alinishonea velkro aliyoibandua katika kandambili moja iliyokatika, akanitoza shilingi 8,000, na mpaka leo haijaachia.

Kabla ya kulipa, angalia mambo mawili. Pete ya kidole cha kushoto, ile inayosukuma mrija wa vali ya tatu, ni lazima ibaki huru, kwani kifuniko kikiubana mrija huo hutaweza kurekebisha noti zinazopanda. Halafu pima unene: kwa mtoto mwenye kiganja kidogo milimita 3 hunenepesha chombo kupita kiasi, akajikuta anakining'iniza kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, na kila anapokivuta kwa kidole hicho hukikandamiza midomoni mwake. Midomo ikivimba, hakuna kifuniko kitakachomsaidia.

Ya pili ni mikanda ya kubebea, na hapa nazungumza zaidi na watu wa tromboni. Tromboni ya kawaida huweza kustahimilika, lakini yenye vali ya F, yaani ile yenye mrija wa ziada unaofunguliwa kwa kidole gumba, hufika kilo 2 hivi, na uzito wote huo huangukia kifundo cha mkono wa kushoto, kwa sababu mkono wa kulia una kazi ya kuvuta na kusukuma mrija tu. Kuna mkanda mfupi unaozunguka mgongo wa kiganja na kushikamana na chombo, ambao huviachia vidole nafasi ya kulegea; huo ndio wa kununua kwa anayetembea. Kuna pia fimbo ya ERGObone, inayoshusha uzito hadi kitini au kwenye mkanda wa mwilini. Hiyo ni msaada mkubwa kwa mwenye maumivu ya bega, ila bei yake si ya mchezo na katika vichochoro vya Mji Mkongwe haina raha. Kwa mtoto anayeanza, jawabu rahisi zaidi ni kumnunulia tromboni ya plastiki: pBone ina uzito wa gramu 800 tu, na haina shaba ya kuliwa na chumvi ya pwani.

Wa tuba na susafoni, ile tuba inayozungushwa mwilini, nitawaambia jambo moja: nunueni godoro nene la bega kabla ya kitu kingine chochote. Susafoni ya shaba huweza kupita kilo 13, na ile ya nyuzi za kioo ikawa karibu na kilo 9 au 10; tofauti hiyo huijua shingo.

Nafasi ya tatu ni kile kipande cha kutia mdomoni. Nimekishusha kwa sababu watu hukikimbilia mapema mno, wakidhani kikubwa zaidi ndicho chenye raha zaidi. Tarumbeta nyingi za wanafunzi huja na kipimo cha 7C; katika orodha ya Bach, mtengenezaji wa vipande hivyo, upana wa kikombe chake ni milimita 16.20, na wa 3C ni milimita 16.30. Sehemu hiyo moja ya kumi ya milimita, pamoja na umbo la ukingo, mdomo huihisi mara moja, lakini haiponyi mdomo uliochoka kwa kubanwa. Usinunue ambacho hukukipuliza. Kama chako kimechubuka mpako wa fedha na shaba inaonekana, hapo badilisha bila kusita, hasa ukiona midomo inawasha; na ambaye fedha yenyewe inamdhuru achukue kilichopakwa dhahabu au cha plastiki. Cha plastiki kina ziada yake kwetu: ukikiacha juani saa sita hakikuunguzi.

Ya nne ni ngozi. Niliwahi kuwa na kifuniko cha ngozi nyeusi, cha kufunga kwa kamba kama kiatu, na nilijisikia bwana harusi nikikishika. Masika ilipofika kiliota koga. Nilipokifungua, chini yake palikuwa na alama ya kiganja changu mwenyewe, vidole vinne vimejichora mahali vanishi ilipokwisha kuliwa, na kutu ya kijani imetanda katikati. Ngozi hunywa jasho na kulilaza juu ya shaba, na katika unyevu wa visiwa vyetu haipati muda wa kukauka. Anayeipenda lazima aivue kila baada ya kupiga, na hizo kamba zitamchosha kabla ya juma kwisha.

Mwisho kabisa ni utepe wa umeme na kipande cha kanga, ambavyo kila bendi imewahi kuvitumia. Kanga si mbaya kwa usiku mmoja, mradi uifungue ukifika nyumbani. Utepe usiutie kabisa: gundi yake hulainika kwa joto, huhama na kuganda kwenye vanishi, na mafuta ya taa utakayoipangusia yataacha harufu ambayo utapiga nayo harusi tatu.