Fomu walipitisha wenyewe, kaunta wakatukataa: uzoefu wangu wa kusafiri na mtoto wa oksijeni

Shirika la ndege lenyewe silitaji, maana malalamiko yetu bado yako mezani kwao. Lakini huduma yao ya abiria wenye mahitaji maalumu nimeitumia kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nina la kusema.

Mwanangu alizaliwa njiti. Mapafu yake bado hayajakaa sawa, analala na oksijeni na tukisafiri mrija hautoki puani. Kwa mtoto wa namna hii likizo haianzi na hoteli, inaanza na daktari. Ndege ikishapaa, hewa ya mle ndani huwa kama ya mlimani, hadi mita 2,400 hivi, na mwili unaipokea kama hewa yenye oksijeni asilimia 15 badala ya 21 tuliyozoea huku chini. Mtu mwenye afya yake hata hagutuki. Mwanangu midomo inaweza kubadilika rangi. Kwa hiyo daktari wake wa mapafu alimvutisha kwanza hewa yenye oksijeni asilimia 15, macho yakiwa kwenye kipimo, ndipo akaruhusu safari, kwa sharti la mashine ya oksijeni na kiwango alichokiandika. Mahali pa kwenda napo tulipachagua kwa kuangalia mambo mawili tu: pawe chini, usawa wa bahari, na pawe na hospitali yenye chumba cha watoto mahututi karibu. Bwawa la kuogelea na mengine yote yalikuja baadaye.

Kisha ikaja fomu ya MEDIF, yaani fomu ya taarifa za afya ya abiria, ile ambayo daktari hujaza sehemu yake na shirika la ndege ndilo linaloamua. Hapa lazima niseme kweli: dada aliyeshika faili letu kwenye dawati lao la matibabu sijawahi kuona mfano wake. Alipiga simu yeye mwenyewe. Akauliza mashine ni ya aina gani, betri ngapi, mtoto anatumia kiwango gani akiwa amelala. Akanieleza kwamba betri zitoshe muda wa safari mara moja na nusu, yaani safari ya saa nne inataka betri za saa sita, halafu akasema, "Lakini mama, beba na za kuchelewa, ndege huchelewa." Alinipa barua ya kibali na kuniambia niichapishe nakala kadhaa. Ningeandika siku ile, ningewapa nyota zote tano na kuwaombea dua juu yake.

Sasa twende kaunta.

Tulifika mapema kuliko abiria wote, kwa sababu ndivyo tulivyoelekezwa. Kaka wa kaunta akaitazama ile mashine, akamtazama mtoto, akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia: "Huyu anaumwa nini? Si ungemwacha nyumbani apone kwanza?"

Nikanyamaza. Nikampa barua. Hakuisoma. Akasema kwenye kompyuta yake hakuna kitu kama hicho, na kwamba barua mtu yeyote anaweza kuchapa. Mume wangu akamwomba kwa heshima zote awapigie dawati la matibabu, namba iko palepale juu ya karatasi. Akajibu kwamba yeye hapigii watu simu. Kisha akazishika betri zetu za akiba na kuamuru ziingie kwenye sanduku la kupakiwa tumboni mwa ndege.

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kabisa kwenye mizigo ya kupakiwa, kwa sababu zikishika moto kule chini hakuna mtu wa kuuona mapema. Zinakaa ndani na abiria, ncha zake zimefunikwa. Hili si siri ya wataalamu, limebandikwa kwenye kaunta za viwanja vya ndege, lina mchoro. Zetu uwezo wake haufiki hata wati-saa 100, kwa hiyo hazikuhitaji kibali cha ziada, na hata hivyo dada yule alikuwa ameshaziandika kwenye barua. Yaani mtu aliyekuwa akinizuia kwa jina la usalama ndiye aliyetaka kufanya jambo la hatari, tena kwa kumnyang'anya mtoto hewa yake.

Wakati tunabishana, mashine ilikuwa inakula betri. Niliomba soketi, akasema soketi ni za wafanyakazi. Mashine ikaanza kulia, ile milio mifupi ya betri inayoisha, na mume wangu akapiga magoti sakafuni, akabadilisha betri huku foleni ikitutazama. Mimi nilikuwa nimeshika kidole cha mtoto chenye oksimita, kile kipimo cha asilimia ya oksijeni kwenye damu. Ilikuwa 94, ikawa 91, ikasimama 89. Mtoto hakulia hata kidogo, alikuwa ananitazama usoni kuona kama mimi naogopa. Ilipanda tena mashine ilipowaka. Yule kaka alikuwa anachapa kitu kwenye kompyuta yake wakati wote huo, hakuinua macho.

Aliyetuokoa ni msimamizi aliyekuwa anapita zake. Alisoma barua, akapiga simu moja, kibali kikaonekana. Kilikuwepo muda wote, kwenye ukurasa wa pili ambao yule kaka hakuufungua. Ndani ya ndege wahudumu walikuwa wema, mmoja alikuja kila mara kuuliza namba ya oksimita na akawa anaikumbuka. Likizo yenyewe ilikuwa nzuri. Mtoto ameiona bahari.

Kwa sababu hiyo nilipoanza kuandika nilikuwa nimeweka nyota tatu. Lakini nimeisoma tena barua yao ya majibu: wanasema watumishi wa kaunta ni wa kampuni nyingine ya mkataba. Hilo linanihusu nini? Sare ina nembo yao, tiketi nimelipa kwao, fomu wameipitisha wao. Dawati la matibabu likijua na kaunta isijue, kibali kile kinamlinda nani? Msamaha wenyewe wameuomba kwangu na kwa mume wangu. Mtoto hawakumtaja.

Nyota moja basi, na hiyo ni ya dada wa dawati la matibabu, si ya shirika.

Mnaoniuliza kama tutapanda tena ndege zao: nimeshawapigia wengine, na wawili kati yao hawakujua hata MEDIF ni nini. Mume wangu anasema turudi kwa hawa hawa, tudai jina la msimamizi wa zamu kwa maandishi kabla ya siku ya safari. Mimi bado sijakubali.