TAHADHARI: muuzaji wa "dawa ya pH" anayezunguka Mwanza

Jamani wenye loji na nyumba zenye bwawa la kuogelea kuanzia Capri Point mpaka Bwiru na Ilemela, someni hii hata kama mna haraka. Kuna jamaa anakuja na bodaboda na ndoo nyeupe za kilo 10 zisizo na lebo yoyote, anasema ni dawa ya kupandisha pH (kipimo cha utindikali wa maji, ikishuka chini ya 7 maji yana tindikali), kwangu kachukua elfu 85.

Bwawa letu ni kama lita elfu 60, na tulikuwa tunatumia vidonge vya klorini ambavyo vinashusha pH taratibu, ikafika 6.8, wageni wakaanza kulalamika macho yanawasha na ngazi ya chuma ikaanza kutu. Inatakiwa iwe kati ya 7.2 na 7.8. Basi nikaweka nusu ndoo kama alivyoelekeza, kesho yake napima, 7.0. Nikampigia, akaniambia "bosi ongeza ndoo mbili". Hapo ndo nikashtuka.

Shemeji yangu anafundisha kemia sekondari akaja na karatasi zake za kupimia, akakoroga kijiko kwenye glasi ya maji, ikasoma 8 na kidogo. Ingekuwa soda ashi, ile ya kupandisha pH yenyewe, ingeruka hadi 11 hivi. Kumbe ni bekingi soda, hii hii ya mandazi! Sasa sisemi bekingi soda ni mbaya kwenye bwawa, hapana, inafaa kuongeza alkalini, ile inayozuia pH isiyumbe (yenyewe inatakiwa miligramu 80 mpaka 120 kwa lita) na gramu 17 kwa kila lita 1000 zinaipandisha kwa 10, ila pH inaisogeza kidogo sana, kwa hiyo ukiifukuzia pH kwa bekingi soda unamaliza hela na alkalini inapitiliza. Na dukani kwa jumla ningeipata kwa bei ndogo mno kuliko ile.

Hela nimeshasamehe. Kinachoniuma ni chupa. Alituachia na chupa ya maji ya kunywa, ndani ina "ya kushushia ikizidi", na akamwambia kijana wangu wa bwawa achanganye na klorini ya unga kwenye ndoo moja ili ifanye kazi haraka. Ile ni tindikali, shemeji anaamini ni ya betri. Kijana akamimina kidogo tu, ukatoka moshi wa kijani njano, akaanguka pembeni anakohoa hawezi kuvuta pumzi, tukamkimbiza hospitali. Anaendelea vizuri namshukuru Mungu, na kilichomuokoa ni kwamba alikuwa nje kwenye upepo wa ziwa, angekuwa ndani ya kile kistoo cha pampu sijui ningemwambia nini mama yake.

Tindikali na klorini HAZIKUTANI, wala kwa kijiko kimoja wala kwa ndoo ambayo haijasuuzwa. Hata Jik na siki ya jikoni ni hivyo hivyo. Na tindikali ndo inamiminwa kwenye maji mengi, sio maji kwenye tindikali.

Muuzaji wa kemikali anatakiwa awe amesajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya Kanda ya Ziwa iko hapa hapa Mwanza, mimi kesho asubuhi napeleka ndoo na chupa. Kama na wewe alikuuzia ile chupa, usiifungue na usiimwage kwenye sinki, iweke nje mbali na klorini na watoto, halafu ipeleke na wewe.