Miezi 14 na Kirekodi cha Mapigo ya Moyo Chini ya Ngozi

Hiki hapa. Ngojeni nikisogeze kwenye kamera mkione vizuri. Ni kijiti bapa cha titani, urefu wake kama sentimita 4 na nusu, uzito haufiki hata gramu 4. Nakilaza pembeni ya betri nyembamba ya rimoti: urefu unalingana, ila hiki ni chembamba zaidi. Kwa miezi 14 kilikaa kifuani mwangu, hapa kushoto, chini ya ngozi. Siku kilipotolewa nilikiomba, wakakisafisha, wakanikabidhi.

Karibuni ndugu zangu. Mmenisihi muda mrefu nikizungumzie, nami sikutaka kusema lolote kabla sijafika nacho mwisho.

Nilikuwa nimezimia mara 3 ndani ya mwaka mmoja. Hakuna kizunguzungu, hakuna jasho, hakuna chochote cha kunionya. Mara ya tatu nilikuwa nashuka ngazi. Nikapimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, safi. Nikavalishwa Holta, kile kimashine cha nyaya kifuani, saa 24, safi. Nikakirudia kwa saa 48, safi tena. Ukifika hapo, watu wanaanza kukwambia kwa upole kwamba labda ni mawazo, na wewe mwenyewe unaanza kukubali. Lakini hebu pigeni hesabu: mtu anayeanguka kila baada ya miezi minne, ukimpima siku mbili, utamkuta mzima. Vipimo havikukosea, vilikuja siku ambayo si yenyewe.

Najua kuna atakayeuliza, mbona saa janja nazo zinapima ECG? Zinapima, sekunde 30, ukiwa umetulia na umegusa saa kwa kidole cha mkono wa pili. Aliyezimia hagusi kitu. Kwa shida kama yangu, hiyo ndiyo tofauti yote.

Kukiweka ni jambo dogo kuliko nilivyoogopa. Unalazwa chali, unapigwa sindano ya ganzi, na hiyo sindano ndiyo inayouma. Baada ya hapo nilisikia kusukumwa tu, kama mtu anakandamiza kwa kidole gumba. Chale haifiki sentimita moja. Nyumbani nikarudi siku ileile. Wiki ya kwanza palivilia damu pakawa zambarau, ya pili pakawasha sana, kisha nikazoea. Sikuzoea kulala kifudifudi, wala mkanda wa gari unapopita juu yake. Hapo nilikuwa nauwekea kitambaa kilichokunjwa.

Sasa kinafanyaje kazi. Kinasoma umeme wa moyo mchana na usiku bila kupumzika, ila hakihifadhi kila kitu. Kinaandika na kufuta, kinaandika na kufuta, mpaka moyo ufanye jambo ambalo daktari amekiagiza kulinasa: kusimama, kwenda polepole mno, kwenda mbio mno, au kupiga bila mpangilio. Hapo kinakiweka kipande hicho kando. Njia ya pili ni wewe kubonyeza kibonyezo, kidude cha mkononi unachokiweka kifuani, ambacho kwa aina nyingine ni programu ya kwenye simu. Ukibonyeza, kinahifadhi dakika kadhaa zilizotangulia. Kwa hiyo hata ukizinduka umechelewa, bado unaweza kubonyeza. Na bonyezeni hata kama mnaamini kimeshanasa chenyewe, kwa sababu kibonyezo ndicho kinachomwambia daktari kwamba dakika hiyo mlijisikia vibaya. Mchoro bila dalili na mchoro wenye dalili havisomwi kwa namna moja.

Usiku, ukiwa umelala, rekodi zinapelekwa hospitali kupitia kisanduku cha kando ya kitanda au kupitia simu. Na hapa ndipo nilipojifunza kwa machungu. Mwezi wa tatu nilipanga upya chumba, kisanduku nikakisogeza nyuma ya kabati. Taa yake sikuiona tena, na sikuitafuta. Kwa wiki 3 hakikupeleka kitu, na hakuna aliyenipigia. Nafasi ndani ya kijiti hiki ni ndogo. Ikijaa, vya zamani vinafutwa vipishe vipya. Wiki 3 zile zingeweza kubeba jibu langu likapotea. Wenye aina ya simu, angalieni Bluetooth isizimwe, na programu isifungwe na ule mpangilio wa kuokoa chaji.

Kisha ikaja simu ya kliniki. Muuguzi akaniuliza nilikuwa nafanya nini saa 9 na dakika 12 usiku, kwa sababu kifaa kimeripoti moyo umesimama. Nilikuwa nimelala! Mikono ilinitetemeka siku nzima. Jioni daktari akanifungulia mchoro wenyewe, na nashukuru alifanya hivyo badala ya kuniambia tu nisijali. Akaniwekea kidole: vile vichomozi virefu vya kila pigo vilikuwa vimepungua nilipogeuka ubavu, vikawa vifupi mno hata kifaa kikahesabu kwamba hakuna pigo. Lakini ukiinama vizuri unaviona, vidogo, kimoja baada ya kingine kwa nafasi ileile. Moyo haukusimama popote. Kengele za uongo za namna hii ni za kawaida kwa vifaa hivi, ndiyo maana lazima jicho la mtu lipitie mchoro. Baada ya hapo nilikuwa naomba kuonyeshwa kila mara.

Siku yenyewe ilikuja mwezi wa 14, Ijumaa jioni. Binti yangu alinikuta sakafuni. Akapiga simu ya msaada, akachukua kibonyezo pale mezani, akakiweka kifuani mwangu kama nilivyomfundisha. Sauti ya kwanza niliyoisikia nilipozinduka ni yake: "Mama, nimebonyeza."

Nikakimbizwa dharura. Kule hawakuwa na mashine ya kukisoma kijiti hiki. Jibu lilikuwa kifuani mwangu, na hakuna mtu ndani ya jengo lile aliyeweza kulitoa. Nikafungwa nyaya usiku kucha, moyo ukapiga vizuri kabisa, asubuhi nikaruhusiwa. Usiku wa Jumamosi kisanduku kikapeleka rekodi, na rekodi ikakaa mpaka Jumatatu, kwa kuwa wikendi hapakuwa na wa kuifungua. Bado jambo hili linaniuma. Basi kabla hamjakubali kuwekewa, ulizeni: rekodi zangu nani anazisoma? Baada ya muda gani? Siku za mapumziko je? Na nikianguka, nimpigie nani? Msiondoke na jibu la juujuu. Kifaa hiki hakina mtu anayekiangalia muda wote, na hakiponyi. Hakiushtui moyo, hakiusukumi, wala hakitambui mshtuko wa moyo. Maumivu ya kifua ni ya kukimbilia hospitali, si ya kusubiri kisanduku kipeleke.

Jumatatu nikauona mchoro. Vichomozi, vichomozi, kisha mstari umelala. Sekunde 9. Safari hii niliinama mwenyewe nikatafuta vile vidogo, na havikuwepo. Kwenye rekodi ileile kulikuwa na alama ya binti yangu alipobonyeza. Nililia, na sikulia kwa hofu. Mwaka na zaidi nimekuwa nikiwaambia watu kuna kitu, sasa kitu hicho kipo kwenye karatasi. Wiki hiyohiyo nikawekewa pesimeka, kifaa kinachousukuma moyo upige, na kijiti kikatolewa.

Kwa hiyo nakipendekeza? Kwa anayezimia mara chache bila sababu kujulikana, ndiyo, kwa moyo wangu wote. Kwa waliopata kiharusi ambacho chanzo chake hakijaonekana pia. Kuna utafiti wa CRYSTAL AF uliotoka mwaka 2014, watu 441 wa namna hiyo. Baada ya miaka 3, vyumba vya juu vya moyo vilikutwa vikipapatika ovyo kwa asilimia 30 ya waliowekewa kifaa, na kwa waliofuatiliwa kwa njia za kawaida ni asilimia 3. Kwa wagonjwa hao, kuligundua hilo kunaweza kubadilisha dawa wanayopewa. Ila kama dalili zako zinakuja kila siku, Holta inaweza kutosha. Usikubali kupasuliwa bure.

Mengine kwa haraka. Betri hudumu kati ya miaka 2 na 6, kutegemea aina. MRI, kile kipimo cha picha cha mashine ya sumaku, unaweza kufanyiwa kwa masharti, lakini waambie mapema, na rekodi zipelekwe kwanza kwa sababu sumaku ya mashine inaweza kuziharibu. Viwanja vya ndege nilipita bila shida, kadi ya kifaa ikiwa mkononi.

Na mlioulizia kovu, hili hapa. Walipokitoa walipitia palepale pa mwanzo, kwa hiyo ni moja tu. Upana wake haufiki ukucha wa kidole changu cha mwisho, na likikandamizwa haliumi tena.