Jaketi la mbwa: linaelea vizuri, lakini kishikio chake ni hatari
Nilikuwa nimekusudia kulisifu jaketi hili la kuokolea maisha, na kwa upande wa kuelea bado ninalisifu, kwa kuwa boya dogo lililo chini ya kidevu huiweka pua ya mbwa juu ya maji hata anapochoka kupiga miguu. Kinachonikera ni kishikio cha mgongoni. Majuzi mbwa wangu aliteleza ukingoni mwa mashua akatumbukia. Nikazima injini ili rafadha isimkate, nikamsogeza ubavuni, nikashika kishikio na kumnyanyua. Alipokuwa ametoka majini nusu, manyoya yakichuruzika na uzito wake wote ukiwa mkononi mwangu, mshono wa upande mmoja ulifumuka, naye akaanguka tena. Ilinibidi niiname na kumkumbatia kifuani ndipo nikampandisha.

Nilipolikagua jaketi nilikuta kishikio kimeshonewa kwenye kitambaa cha juu peke yake, kwa safu moja ya uzi, bila kuunganishwa na mkanda unaopita chini ya tumbo, ilhali mkanda huo ndio unaopaswa kubeba uzito.

Nilimwandikia muuzaji na kumtumia picha. Mhudumu akanijibu kwamba jaketi ni la kuelea, si la kunyanyulia, kisha akauliza kwa nini nampeleka mnyama majini. Jibu hilo limeniudhi kuliko ule uzi. Ikiwa si la kunyanyulia, kishikio kimewekwa cha nini? Mbwa aliyelowa na kuchoka hawezi kukwea ubavu wa mashua, hata akiwa hodari wa kuogelea. Asiponyanyuliwa, baridi itammaliza nguvu.

Nilitaka kulipatia jaketi alama za wastani kwa ajili ya lile boya, lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona kwamba hata hizo hazilistahili. Walinzi wa Pwani wa Marekani, ambao huidhinisha majaketi ya watu, hawaidhinishi ya wanyama, kwa hiyo usitafute muhuri wa kukuhakikishia usalama. Mvishe mbwa wako jaketi mngali nchi kavu, mnyanyue kwa kishikio mpaka miguu yote minne iachane na ardhi, na uutazame mshono kwa makini. Mimi nimedai nirudishiwe fedha zangu na niombwe radhi, na hadi sasa sijapata hata kimoja.